Kitungule

Yule wa hadithi mnamjua: ana ulimi,
anamlaghai fisi, anakopa kwa tembo halipi.
Huyu wa Kimbiji hana hata neno moja.
Anakaa katikati ya kunde za dada yangu Siwatu,
masikio kayalaza mgongoni
kama kandambili zilizosahauliwa msikitini,
anatafuna,
pua yake inahesabu upepo.

Bibi zetu walimwita kitungule.
Watoto wa shule wanasema sungura tu,
wakidhani ni ndugu wa wale weupe wa bandani
wanaouzwa Mbagala kwa bei ya kuku wawili.
Si ndugu.
Wale huzalia shimoni, watoto vipofu, uchi kama kidole.
Huyu hachimbi. Hana mlango, hana ufunguo.
Hujibonyeza kwenye nyasi hadi nyasi zikariri umbo lake,
na hapo ndipo kwao.

Nilipaona Jumapili nikienda kuchuma matembele:
kiwanja namba mia nne na kumi na mbili,
nyuma ya bikoni yenye rangi nyekundu.
Mpima ardhi, Rweyongeza, aliipaka mwenyewe
akatuambia tulime kwa sasa.
Hiyo "kwa sasa" aliitamka mara mbili.
Kibonde kisichozidi viganja viwili.
Vitoto vitatu. Manyoya tayari, macho wazi.
Vikanitazama bila kupepesa
kama watu waliokwisha kuambiwa mimi ni nani.

Mama hayupo.

Shomvi, anayetega vitanzi, akasema: mama gani huyo?
Huja mara moja tu, giza likishaingia,
hunyonyesha muda wa kuchemsha chai, kisha huyoo.
Mchana kutwa humwoni.
Akacheka. Nami nikacheka,
kicheko kikanikwama kooni kama mwiba wa changu.

Maana mimi nafua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku,
ng'ambo ya kivuko.
Mwanangu Mwajabu, miaka minne, analala kwa Siwatu.
Nakuja Jumapili na mkate na mafuta ya nazi,
namsuka nusu ya kichwa, saa inanikimbia,
nusu iliyobaki inangoja wiki.
Majirani hawasemi kitu.
Wananisalimia kwa kirefu mno.

Shomvi hakujua anachonieleza. Akaendelea:
ni harufu. Mama akikaa, harufu yake inakaa,
na ngawa hufuata harufu.
Ndiyo maana hata akija haji moja kwa moja.
Anakwenda, anarudi juu ya nyayo zake,
anaruka pembeni mruko mmoja mrefu,
njia isisomeke.

Usiku ule sikuvuka. Nilimwambia msimamizi nina homa.
Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga kichwani,
mbu wakinila bila bismillahi.
Kwanza vikaja vitoto, kila kimoja kutoka upande wake,
sikujua hata kwamba hulala mbalimbali.
Halafu yeye. Sikusikia kitu. Alikuwepo tu.
Akawapa maziwa akiwa ameketi wima,
masikio yote mawili juu, yanasikiliza barabara.
Dakika tano. Labda sita.
Hakuaga.

Alfajiri niling'oa vitanzi viwili vya Shomvi, nikavitia mfukoni.
Cha tatu sikukiona.

Jumapili iliyofuata greda lilikuwa limepita.
Mchanga mweupe, tambarare kama sinia.
Bikoni ipo. Kunde hazipo.
Siwatu akanionyesha nyayo, au alichodhani ni nyayo:
zinaanzia kwenye kifusi, zinarudi nyuma,
kisha hakuna.

Mwajabu akauliza, wamekwenda kwa nani?
Nikamketisha katikati ya magoti yangu,
nikachovya kitana kwenye mafuta,
nikaanza upande wa kushoto.